Upepo Ulipotulia Subukia

Niliondoka kwetu, upande wa Kakamega, kwa sababu ya ugonjwa ambao sijapona hadi leo: siwezi kukaa mahali. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha pili, na baba alikuwa amenitafutia kazi ya kufundisha watoto wadogo katika shule iliyoonekana kutoka mlangoni mwetu. Nilifundisha muhula mmoja. Kila nilipoandika ubaoni nilijiona kwa nyuma, nimezeeka, naandika yale yale. Shule ilipofungwa nilidandia lori la mahindi hadi Kisumu, na Kisumu nikapanda garimoshi, daraja la tatu, nikiwa na tikiti ya Nakuru kwa sababu tu nililipenda jina.

Garimoshi lilipanda mlima usiku kucha. Katika stesheni ya Miwani kulikuwa na joto na harufu ya miwa. Londiani baridi ilipenya kati ya mbao, na mwanamke aliyeketi mbele yangu akamfunika mtoto wake kwa gunia. Watu walikuwa wamepiga soga tangu Kisumu, wakigawana ndizi na kuchekana lafudhi. Tulipofika Molo wakanyamaza wote, kama watu wanaokaribia nyumba yenye msiba. Mzee mmoja aliniegemea akasema, "Kijana, kipande chako kiko?"

"Kiko."

"Kishike mkononi. Na usichekecheke ovyo."

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wazungu ikipigana na Wakikuyu walioingia msituni. Kwetu tulikuwa tumeisikia kama mtu anavyosikia radi ya mbali. Katika stesheni ya Nakuru niliiona kwa macho. Askari walitutenga kwa kusoma vipande, vile vyeti vya kazi vyenye jina na kabila la mtu: Wakikuyu upande wa seng'enge, wameketi chini na mikono kichwani, sisi wengine tupite. Nilipita nikiangalia viatu vyangu. Naikumbuka rangi ya vumbi lililokuwa juu yake, jeupe kama unga, kwa maana Nakuru upepo ukivuma huchota magadi ya ziwani na kuyamwaga mjini.

Miezi ya kwanza nilifanya kazi kwa Singasinga mmoja aliyekuwa na karakana ya kutengeneza magari na kuchaji betri. Alinifundisha kupima asidi kwa kipimo cha glasi chenye kiboya ndani: kiboya kikielea juu, betri ina nguvu, kikizama, betri imekufa njaa. Alinifundisha pia kwamba betri hainywi maji ya kisima, maana maji ya Nakuru yana chumvi, hunywa maji ya mvua tu. "Kama bibi harusi," alisema. "Kila kitu kisafi." Siku moja mzungu mwenye shamba juu ya bonde la Subukia alikuja kumuuliza kama anamjua mtu anayeelewa betri, tena asiwe Mkikuyu. Singasinga akaninyooshea spana. Jioni hiyo hiyo nilikuwa nyuma ya gari la mzungu, kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Shamba lilikuwa ukingoni, mahali ardhi inapokatika na bonde kuonekana lote chini, migomba na kahawa na moshi wa vijiji vya wafanyakazi. Nyuma ya nyumba ya mawe palisimama mnara wa chuma, na juu yake pangaboi la mbao lenye mkia wa bati, linazunguka kwa kasi hata likaonekana kama sahani ya moshi. Pangaboi lilizungusha dainamo, dainamo ikalisha betri za glasi zilizopangwa ndani ya kibanda, na betri zikawasha nyumba nzima, redio na yote. Mimi nilikuwa sijaona nyumba inayokula upepo. Nilisimama pale nimeachama.

"Hii kazi yako," mzungu alisema kwa Kiswahili chake. "Pangaboi, betri, taa. Taa ile juu ya nyumba hapana zima. Nasikia?"

"Nimesikia, Bwana."

"Hapana zima kabisa."

Sababu niliambiwa na mpishi siku hiyo hiyo, huku akinipakulia ugali. Wazungu wa ukingo ule walikuwa wamepatana. Kila jioni, giza linapoanza kushika, kila shamba liwashe taa kubwa juu ya paa, na shamba la ng'ambo ya bonde liitazame. Taa ikionekana mahali pake, kwako salama. Isipoonekana, au jambo lolote likionekana si la kawaida, wazungu wa ng'ambo huja na bunduki na askari. Na wakija hawaanzii nyumba ya mawe. Wanaanzia kwenye laini, yaani vibanda vyetu wafanyakazi.

"Yule uliyechukua kazi yake," mpishi alisema, "upepo ulimtoroka siku tatu nne hivi. Taa haikuwaka. Walikuja. Alijaribu kuwaeleza habari ya upepo." Akakomba sufuria. "Mtu mwenye bunduki umweleze upepo!"

"Yuko wapi sasa?"

"Kula."

Mpishi alikuwa Mkikuyu wa mwisho katika shamba lile. Wenzake wote walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, ile ardhi waliyotengewa na serikali, au mahali pabaya zaidi. Yeye alibaki kwa neno la Bwana tu, kwa kuwa alikuwa amempikia tangu Bwana hajaota ndevu. Wazungu wa ng'ambo hawakulipenda jambo hilo. Walimwambia Bwana mbele ya mpishi mwenyewe, akiwa anawapakulia supu, kwamba siku taa ile itakapokosekana mara ya pili wao watajua pa kuanzia. Mpishi alinisimulia hayo akicheka.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Upepo ukivuma, mpishi yuko jikoni. Upepo ukikosekana, mpishi yuko juu ya lori. Nililala na jambo hilo na kuamka nalo. Watu wengine huamshwa na kelele. Mimi nilianza kuamshwa na ukimya. Pangaboi lilikuwa na mvumo wake, kama nyuki ndani ya mtungi, na mvumo ukipungua tu nilijikuta nimekaa kitandani.

Hata hivyo tulicheka. Mpishi aliniita Mkavirondo, kama walivyotuita watu wa upande wa Kisumu, na kunisingizia kwamba nimekuja na upepo wangu kutoka ziwani kwetu, ndiyo maana nafanya kazi vizuri. "Ukienda likizo utuachie nusu," alisema. Mimi nilimwita Mzee, na nilimchotea maji ya mvua kutoka tangi la betri ili achemshie chai, kitu ambacho hakikuruhusiwa.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Wafanyakazi walikuwa na vishamba vyao chini ya laini, na mahindi yalikuwa yamesimama magotini, majani yamejikunja kama sigara. Kila alasiri mawingu yalipanda kutoka upande wa Marmanet, meusi, mazito, yakafika juu yetu, kisha upepo ukaja ukayasukuma kwenda kumnyeshea mtu mwingine. Na kila alasiri, mawingu yakipita, pangaboi lilikuwa linazunguka kama lililopagawa.

Watu waliona. Si kosa lao. Mimi mwenyewe ningeona. Siku moja nyapara, Mkipsigis mrefu asiye na maneno mengi, alikuja chini ya mnara na wanawake wa laini wakiwa nyuma yake na majembe.

"Funga hicho kitu," alisema.

"Nifunge kwa nini? Upepo ni mzuri."

"Ndiyo sababu. Kinafukuza mvua. Kinapuliza mawingu."

Nilijaribu kumweleza kwamba pangaboi halipulizi, linapulizwa. Nilieleza kwa mikono. Mwanamke mmoja, mjane aliyekuwa na watoto wengi, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwalimu, umesema vizuri. Sasa funga."

"Bwana atasema nini?"

"Bwana yuko kwa ng'ombe. Bwana hali mahindi yetu." Kisha akaongeza, bila hasira, "Wewe ni mgeni hapa. Watoto wetu wakilala njaa tutajua ni nani anafukuza mvua."

Wengine walinong'ona. Mmoja aligonga mguu wa mnara kwa jembe, na chuma kikalia mpaka juu. Nilivuta wenzo wa kulifungia, uliokuwa mguuni mwa mnara. Waya ulikunja ule mkia wa bati, pangaboi likageuza uso wake kando ya upepo, likapunguza mwendo, likasimama.

Na mvua ikanyesha. Sijui niseme nini zaidi. Mawingu yale yale, alasiri ile ile, yalifika juu yetu yakapasuka. Wanawake walipiga vigelegele wakiwa wamelowa, mjane akanishika mkono akaupiga busu, na mpishi alitoka jikoni akasimama barazani, hacheki.

"Sasa tumekwisha," aliniambia.

"Mvua ya Mungu inaogopa feni, Mzee?"

"Mvua haiogopi. Hawa ndio wataamini. Sasa utafungua lini?"

Alikuwa amesema kweli. Tangu siku ile, wingu likichungulia tu, mtu alikuja chini ya mnara. Na katika nchi ile upepo wa maana huja alasiri, pamoja na mawingu. Asubuhi pangaboi lilizunguka kivivu, likalisha betri kijiko kimoja, alasiri nililifunga, jioni nyumba ikala sufuria nzima. Bwana akirudi kutoka kwa ng'ombe nilikuwa nimeshalifungua tena, na upepo umekwisha kwenda zake. Kila asubuhi niliinama juu ya kipimo cha glasi, na kila asubuhi kiboya kilikuwa kimezama kidogo zaidi.

Nilimwambia nyapara. Nilimpeleka kibandani nikamwonyesha kiboya. Alikitazama kwa heshima, akasema, "Mahindi yakishatoa maua, utafungua hata ukitaka usiku na mchana. Ngoja kidogo."

"Mpishi je? Taa ikizima watamchukua."

Aligeuka akatazama upande wa jikoni. Yeye na mpishi walikuwa wakinywa chai pamoja kila Jumapili. "Ngoja kidogo," alisema tena, kwa sauti nyingine.

Mpishi alianza kubana. Alizima taa za vyumbani akasema zinamwumiza macho. Alipika kwa taa ya mafuta. Alimwambia Bwana redio ina mdudu. Tulikuwa kama watu wawili wanaomficha mgonjwa ndani ya nyumba, kila mmoja akimwuliza mwenzake kwa macho: leo ameamkaje? Siku nyingine, nikimwaga maji ya mvua ndani ya betri, nilijikuta nasali, na sikuwa mtu wa kusali.

Kisha Bwana akaenda Nakuru kwa mambo ya maziwa, na mvua ikakata barabara ya Subukia kule upande wa Nakuru. Hakurudi. Siku nzima ilikuwa ya ukungu na manyunyu, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Alasiri nilijaribu taa ya paa. Ilitoa wekundu, kama kaa linalokufa, kisha hata wekundu ukaondoka.

Nilikwenda jikoni. Mpishi alikuwa anamenya viazi kwa ajili ya mtu ambaye asingekuja kula.

"Imekufa?"

"Imekufa, Mzee. Toroka. Kuna msitu hapo nyuma."

"Nikikutwa msituni mimi ni nani?" Aliweka kisu chini. "Mkikuyu msituni. Hapana. Nitakaa jikoni kwangu."

Nyapara naye alikuja, na alipoona nyuso zetu hakuuliza. Alikwenda mwenyewe kwenye mnara akaachia wenzo, mkia ukafunguka. Pangaboi lilitazama bonde lote, likakaa tu. Tulisimama watatu chini yake kwenye manyunyu tukiwa tumeinua vichwa. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani lile pangaboi lisogee upana wa kidole.

Ni mpishi aliyefikiria karabai. Bwana alikuwa nayo stoo, ile taa ya kupampu inayotoa mwanga mweupe kama mchana. "Wanataka taa," alisema. "Wazungu hawasomi taa jina lake. Iwe juu, iwe nyeupe, basi." Kupanda paa la bati lililolowa hakukuwezekana, ngazi ilikuwa imevunjika. Lakini mnara ulikuwa na vipago vyake, tena ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Tukaona tumepata.

Alimimina spiriti, akawasha, akapampu mpaka karabai ikaanza kunguruma. Ukungu ulikuwa umeinuka, na giza lilikuwa linaingia bondeni. Ng'ambo, taa ya jirani ilikuwa tayari imewaka, ndogo na makini, kama jicho linalosubiri kujibiwa. Nilijifunga karabai mgongoni kwa kamba, joto lake likipita shati, nikapanda. Chuma kiliteleza. Kila kipago nilichopanda, taa ilibembea nyuma yangu. Mara niliifunika kwa mwili, mara ikatokea upande huu, mara upande ule. Sikulifikiria hilo. Nilifikiria mikono yangu.

Nilipofika katikati niliining'iniza kwenye chuma cha mlalo, nikashika mnara kwa mikono miwili, nikapumua. Chini mpishi alipiga kofi moja. "Inaonekana mpaka Uganda!" aliita. Hapo ndipo upepo ulipokuja. Ulitoka nyuma, kwenye msitu, ukanipita masikioni, na juu ya kichwa changu pangaboi lilikohoa, likageuka, likaanza. Nilicheka kwa sauti huku naogopa kukatwa kichwa. Nilikuwa bado nacheka nilipoona taa za magari zikianza kushuka ng'ambo ya bonde kuja upande wetu.

Nilidhani wanakuja kushukuru. Kweli, kwa muda mfupi nilidhani hivyo.

Kilichotokea nilikielewa baadaye. Kwa macho ya ng'ambo, taa ya paa haikuwaka. Mahali pake, kando, mwanga ulipanda hewani ukiwaka na kufichika, ukiwaka na kufichika, mbele ya msitu. Kwa mtu mwenye bunduki, hiyo ilikuwa ishara kwa watu wa msituni.

Nilikuwa bado juu, nikiizuia karabai isibamizwe na upepo, walipofika wakatuzunguka. Waliniamuru nishuke na mikono juu, jambo ambalo mtu aliye kwenye mnara hawezi kulitii, na nililia nikiwaambia hivyo. Nilipogusa ardhi, nyapara na mpishi walikuwa wamekwisha kulazwa kwenye matope. Mkubwa wao, mzungu kijana mwenye mafua, aliuliza, "Nani nawasha hii taa?"

"Mimi," mpishi alisema. Mdomo wake ulikuwa kwenye matope. "Mimi, Bwana. Ile ya nyumba imekufa."

"Betri zimekwisha, Bwana," nikasema. "Hakuna nguvu. Hata ukibonyeza haiwaki."

Mzungu kijana alinitazama, akapenga kamasi, akaingia ndani ya nyumba. Tulisikia viatu vyake sebuleni. Kisha taa ya paa ikawaka. Iliwaka nyeupe, yote, ikatuangaza sisi watatu na matope yetu na nyuso za askari. Pangaboi lilikuwa linavuma juu yetu kwa nguvu zake zote, na umeme wake ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwenye ile taa. Niliwaeleza. Nilieleza dainamo, nilieleza upepo, Kiswahili na Kiingereza cha kidato cha pili. Askari mmoja alinigonga mbavuni kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu sana, kama mtu anayefunga mlango.

Walisoma kipande changu, wakasoma cha nyapara, wakavirudisha. Cha mpishi hawakukirudisha. Alipokuwa anapanda gari alisema, akiniangalia mimi, "Viazi viko kwenye maji. Msiviache vikaharibika."

Bwana alifika kesho yake akiwa na matope mpaka kofia. Nilimweleza kila kitu, mahindi, wanawake, wenzo, sikumficha neno. Hakunipiga. Aligeuza gari pale pale akaenda kituo cha polisi, na laini nzima ilikaa nje kumsubiri, hata yule mjane, ambaye hakuweza kunitazama. Alirudi peke yake. "Nimesema," alituambia. "Nimesema sana. Wao nasema yeye naenda rizavu kwanza, maneno baadaye." Kisha akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimwona mzungu akijifungulia mlango wa jikoni.

Upepo ulivuma vizuri siku zilizofuata. Kiboya kilipanda. Nilifanya kazi yangu, nikapaka mafuta, nikamwaga maji ya mvua, na kila jioni taa iliwaka mahali pake, na ng'ambo wakaiona wakalala. Mimi sikulala. Asubuhi moja nilimwomba Bwana anitilie sahihi kipande niende. Alisema nikae, ataongeza posho. Nikasema hapana, Bwana. Akachukua kalamu akatia sahihi.

Nyapara alinisindikiza mpaka barabara kuu. Alikuwa amelibeba koti la mpishi, lile la sufu ambalo Bwana alimrithisha na ambalo alilivaa kanisani tu. Walikuwa wamemchukua akiwa na aproni tu. "Upite kituoni," alisema. "Rizavu kwao ni baridi." Mahindi kandokando ya njia yalikuwa yametoa maua.

Kituoni askari alisema mtu huyo amepelekwa Nakuru. Nilishuka Nakuru kwa lori la maziwa, nikaulizia seng'enge baada ya seng'enge, mpaka kwenye uwanja nyuma ya stesheni ambako watu walikuwa wameketi chini kwa safu wakisubiri behewa. Sikuweza kuona nyuso, walikuwa wameinamisha vichwa. Nililitaja jina lake kwa askari wa langoni. Alisema ana majina kama hayo mengi. Nikamwomba basi alipitishe koti, aulize ni la nani. Alilipokea, akapekua mifuko yote, akalikunjua, akalipima mabegani mwake mwenyewe. Halafu, koti likiwa bado mabegani mwake, akaniambia nisogee, nafunga njia. Nilisogea. Garimoshi la abiria la Naivasha lilikuwa limeshaanza kupiga honi, nami nikalipanda.